Mfuko wa Zipu

Walimleta saa tisa na dakika kumi alasiri,
lami mbichi imeganda kwenye soli za viatu,
Eleuterio Bracamonte, fundi wa mapaa,
ngozi kavu kama gome, macho wazi
yasiyomwona mtu.
Kipimajoto, kule kusikotajwa mbele ya wakwe,
kilisema arobaini na mbili nukta sita.

Daktari Halvorsen, mwezi wake wa kwanza Tucson,
aliagiza dawa. Dantrolini,
ile inayolegeza misuli iliyojikaza,
nami nikapewa vichupa nivitikise:
unga wa manjano, maji, tikisa, subiri,
tikisa tena, bado ukungu, bado.
Kila kichupa kilikula dakika yake
na kila dakika ilikula kitu
ndani ya kichwa cha mtu yule.

Lorene Antone hakubishana.
Watu wake walilijua jua hili
kabla barabara hazijapewa majina.
Alifungua kabati la mwisho, akatoa
mfuko mweupe wenye zipu,
ule tunaowafungia waliokwisha kwenda.
“Barafu,” akasema.

Nilisita, nakiri.
Kwetu Uvira mtu hapimiwi jeneza angali anapumua,
hata kwa mzaha.

Mashine ya ghorofa ya tatu tuliikausha.
Jikoni walitupa ndoo mbili na lawama.
Desmond, mlinzi, akavuka barabara hadi kituo cha petroli
akarudi na mifuko minane ya kupozea bia,
kila mmoja na dubu mweupe anayecheka.
Tukamlaza, tukafunga zipu hadi kifuani,
tukammwagia: sauti ya kokoto
zikishushwa kwenye msingi.

Nilipokuwa mdogo nilifunzwa kuwa dawa ya moto ni moto.
Ni methali ya ugomvi, ile.
Haikutungwa kwa ajili ya ini la mtu.

Ofelia, mkewe, alipiga simu.
Mmempa panadoli?
Kwa Kihispania changu cha sokoni nikamwambia
hii si homa, dada.
Homa ni mpishi anayechochea jiko kwa kusudi lake;
ukimsihi, atapunguza kuni.
Hapa jiko limeshika paa, na mpishi mwenyewe
yuko ndani anaungua. Panadoli itasema na nani?
Akanyamaza. Kisha akaniuliza
kama maji ni baridi sana.

Arobaini na moja nukta tisa.
Arobaini na moja.
Mkono wake ukanishika kifundo, ukaniachia.
Arobaini.
Akamwita mtu, Chayo, Chayo,
na hakuna aliyejua Chayo ni nani.
Thelathini na tisa nukta saba, na hapo hasa
kichupa changu cha mwisho kikatakata.
Halvorsen aliitazama ile sindano iliyojaa
akaiweka mezani taratibu,
kama mtu anayekunja mwavuli mvua imekwisha.
Kwenye thelathini na nane nukta tisa Lorene akasema mtoeni,
asije akapitiliza upande wa pili.

Baadaye, kwenye korido, daktari aliuliza
kama dawa ingesaidia.
“Labda,” Lorene akajibu, anakamua soksi zake.
“Muulize aliyekuwa na muda.”

Asubuhi ya tatu Eleuterio alijua jina lake
na jina la rais, alilitaja kwa kukunja uso.
Kijiko kilimshinda. Supu ilimwagika kwenye shuka,
akakitazama kiganja chake
kama nyundo aliyoazimwa na jirani.
Hatukumwambia kuhusu mfuko.

Ila usiku ule wa kwanza nilitoka saa tatu.
Usukani wa gari bado uliunguza.
Ubao wa benki ya kona ulionyesha thelathini na nane,
joto lile lile, karibu, tulilomtolea.
Mfuko mmoja wa barafu ulibaki, nikaondoka nao.
Niliupakata njia nzima hadi nyumbani,
dubu akinyauka mapajani mwangu,
maji yakishuka hadi kwenye viatu.